Likasi Niliishika Miye na Imbwa Tatu

Kikula, Likasi
(bazungu wanaiita Jadotville)
Siku ya Mungu, tarehe 20 mwezi ya kwanza, 1963

Kwa Yaya Édouard, ku Kitwe, Rodezia

Yaya, kaka yangu mukubwa mupendwa,

Mbele ya salamu yote ujue neno moja. Kule Kitwe batakuambia asema ONU, ile ya Umoja wa Mataifa, njo ilishika Likasi. Uongo. Likasi niliishika miye, na imbwa tatu, na shati ya pasi. Basoda ya ONU walinikuta tayari mu fasi yangu, juu, ninatazama pori yote chini yangu kama gavana. Kama muntu anakataa, umuambie mudogo yako Dominique njo alisema, na Dominique hajasema uongo tangu aliacha kunyonya.

Sasa salamu. Mwili iko namna gani? Ile kikohozi ya vumbi ya mu shimo ya shaba ilikuacha, ao mungali munalala naye kitanda moja? Siye huku tunapumua. Baba Germain anapumua polepole. Mama Angèle anapumua na anasema, anasema na anapumua, hatujui wakati gani anameza mate. Mama yako, mama mukubwa Philomène, mwili yake iko nguvu, anaenda ku shamba, anarudi. Juu yake nitakuambia mbele kidogo.

Barua yako ya mbele ya Noeli ilifika. Niliisoma kwa sauti mbele ya mama yako, na haya ilinishika mahali pako. Uliuliza maneno tatu, na yote tatu ni imbwa. Batasema anakula? Batasema anawinda? Ule mutoto (ni miye, asante) anamufunga kamba siku ya soko, bantu basimuibe? Hukuuliza hata kidogo kama Dominique anakula.

Lakini najua juu ya nini unauliza. Nkambo, babu yetu, alipokuachia ule imbwa alikuwa anakufa, na alimupa jina Batasema asema majirani bote batasema tu, heri imbwa abebe maneno yao shingoni. Na tangu ulienda Kitwe, Batasema njo mwanaume ya nyumba ya mama yako. Akiingia mu majani mara moja, mama mukubwa iko na nsenji, ile panya kubwa ya matete, nusu ya kula na nusu ya kuuzisha. Bila yeye ni sombe, majani ya muhogo, na chumvi, kesho yake chumvi na sombe. Basi neno ya Batasema nitaifikia. Usikimbie kusoma chini. Kwanza sikia kazi yangu, ucheke.

Unajua baba ni mupishi kwa Bwana Adolphe, ule muzungu mwenye tumbo inaingia mu nyumba mbele yake. Mwezi ya sita Madame, muke ya Bwana, alimuuliza baba kama iko na kijana ya kutembeza imbwa. Baba alijibu ndiyo Madame, kisha alirudi kwetu kutuuliza ile neno iko na maana gani. Tulikaa chini tukaitafuta. Kutembeza imbwa. Kuipeleka wapi? Iko na miguu ine, inashindwa nini kujitembeza? Mama Angèle alizania ni imbwa ya mugonjwa.

Haikuwa mugonjwa. Nyuma ya nyumba za bazungu kuko njia moja, inafuata mufereji ya maji, inapita chini ya mikalitusi, kisha inaingia mu mushitu mpaka mutoni. Mu ile mushitu jua haijapata kugusa chini. Saa sita ya muchana utatafuta koti. Siye tukiingia pale tuko na shoka, ao mutego, ao chupa ya asali. Bazungu wanaingia na mikono mu mufuko. Balifagia njia, baliweka banki ya simenti ya kukaa, na wanaenda mpaka ku banki, wanatazama majani, wanarudi. Njo kazi balinipa: kila siku saa kumi, niende na imbwa tatu, nitazame majani, nirudi.

Mama mukubwa alikuwa ananingoja magaribi ku mulango, anatazama mikono yangu.

“Leo imbwa za bazungu zilikamata nini?”

“Hewa, mama.”

“Mingi?”

“Mingi sana.”

“Basi leta hapa, tuipike.”

Alicheka vile kila siku, na Batasema alikuwa analala pa miguu yake kama muntu mwenye alishamaliza kazi ya nyumba. Vraiment, kweli, Yaya, kama kuna kitu nitakumbuka ya ile miezi, ni kile kicheko.

Sasa nikuambie kitu sikuambia muntu. Zile imbwa mbili kubwa, Rex na Diane, zilifundishwa. Zilifundishwa kuchukia harufu yetu. Sisemi harufu ya mwizi; yetu siye. Mweupe akipita ku lupango, mu ua ya Bwana, zinapepea mukia. Mweusi akipita, hata kama ni pasta ya misioni ya Mulungwishi na Biblia mu kwapa, zinataka kumumeza na Biblia yake. Baba ni miaka saba anazipikia nyama, na mpaka leo anapita mulango ya jiko na ufagio mbele, kama askari. Nilizania imbwa ni imbwa tu. Sikujua muntu anaweza kutwaa roho yake mwenyewe akaitia mu imbwa. Hata Bijou, kale kadogo kenye kanaenea mu kikapu ya mayai, nako kalifundishwa.

Basi Madame alifanya nini? Alinipa shati ya Bwana, imejaa jasho ya Bwana. Aliniambia niivae kila siku ya kazi, nisiifue hata mara moja. Nikaivaa. Zile imbwa zilinusa, zikafikiri, zikatazama uso yangu, zikanusa tena, zikanifuata. Njo siri yote. Zilikuwa zinatembea na Bwana Adolphe. Miye nilikuwa musumari ya kutundikia shati yake.

Lakini ku cité, mutaa yetu ya beusi, sikusema vile. Ku cité nilisema imbwa za bazungu zinaogopa macho yangu. Batoto walikuwa wananifuata kunitazama macho. Barthélemy, ule jirani yetu mwenye mudomo, alisema macho yangu ni ya chura, na miye nilimujibu njo maana wewe haujapata kuniuma. Hata mama Angèle sikumuambia maneno ya shati. Angeniambia nini? Angecheka kwanza, kisha angeambia soko yote.

Kisha mwaka ikafika mwisho na muji ukageuka. Unasikia habari ku radio kule, lakini radio haina harufu. Bajandarme, askari ya Katanga, walikuwa wanapita na malori, leo wanaenda huku, kesho wanarudi kule, sura zao hazisemi kitu. Usiku mabomu upande ya Lufira, na asubuhi bantu wanasema daraja haiko tena. Maduka yakafunga. Sirene ya usine, ile kiwanda ya shaba, ikanyamaza, na siye wenye tulizaliwa ndani ya ile kelele hatukujua tena saa ya kula.

Siku ya mwisho ya mwaka Bwana Adolphe na Madame balipakia gari ya kwenda Kolwezi. Balipakia masanduku, cherehani, na ndege ya manjano mu tundu yake. Ndege ilipata fasi. Imbwa hazikupata. Bwana alimupa baba funguo ya nyumba, alimuambia ni siku tatu, Germain, siku tatu tu, utazame imbwa. Kisha vumbi. Baba alisimama na funguo mu mukono mpaka vumbi ilikaa chini. Mpaka leo anasema ile maneno peke yake akichambua maharagi: siku tatu, Germain. Anaogopa Bwana atarudi akute imbwa moja imepotea, na kazi ya miaka saba iende nayo.

Bonana ikafika. Mama Angèle unamujua: Bonana ikifika anafua mpaka kivuli ya muntu. Mutoto kuingia ku kanisa siku ya mwaka mupya na nguo ya harufu, kwake ni kama kumuvua mama nguo mbele ya bakristo. Alikuta ile shati nyuma ya mulango. Miezi yote ile bila maji, Yaya, ilikuwa inasimama peke yake. Alilia asema ninamupatisha haya mpaka kwa bazungu. Akaifua mara mbili, akaianika, akaipiga pasi ya makala mpaka kola ikakata kidole.

Nilimuona akiitia mu maji. Ningesema neno moja tu, angeacha. Lakini ile neno ilikuwa inasema pia kama macho yangu hayatishi hata kuku. Nikanyamaza. Nikajiambia miezi yote hii zile imbwa zimekwisha kunizoea miye mwenyewe, shati ni shati tu. Na nilipoivaa, nyeupe kama yangeyange, nilijiona muzuri, sitakuficha.

Tarehe tatu baba alisema hakuna muntu kutoka. Bantu bote balijifungia ndani, walikuwa wanatazama barabara mu matundu ya mulango. Ku lupango ya Bwana imbwa zilikuwa zinalia, sababu baba alizipa bukari, ugali yetu, na ndakala, samaki kadogo kakavu, na tumbo yao haikujua ile chakula. Barthélemy alitoa kichwa ku dirisha, aliniuliza kama leo macho yangu yatatisha na ONU pia. Unanijua. Nilitwaa minyororo.

Ku lupango zilininusa sana. Rex alisimamisha manyoya ya shingo. Nilizania ni njaa. Kisha zikaona njia, na njia ilizivuta, zikakimbia mbele, miye nyuma, kama siku zote. Muji yote kimya. Mu mushitu kimya zaidi, hata ndege hazikusema, ni maji tu. Nilifika ku banki ya simenti, nikafungua minyororo kama siku zote, zikaenda kunusa kama siku zote. Nikaita, “Rex, ici.”

Aligeuka. Na pale, Yaya, nilimuona akiniona. Alitazama shati, alivuta hewa, na Bwana Adolphe hakuwa ndani. Ni muntu mweusi moja tu, mu pori, peke yake, anamuita kwa jina.

Sikumbuki namna nilipanda. Kuko mukuyu pale nyuma ya banki, haina tawi chini, hata tumbili anafikiri kwanza. Miye nilijikuta juu. Shati ilibaki na mukono moja. Rex na Diane zilisimama na miguu ya nyuma, zinapasua maganda, na kale Bijou, kenye nilikuwa nakabeba mu mikono kakichoka, kaliniuma kisigino, kalishuka na kipande. Niliwaambia assis, mukae. Niliwaambia couché, mulale. Niliwaambia Kifaransa yote ya darasa ya tano, na ilipoisha niliwaambia Baba Yetu. Zilijibu tu na meno.

Hapa katikati kuko kitu. Nitakiandika chini. Acha kwanza nimalize na basoda.

Balitoka mu ile njia ya kivuli, moja nyuma ya mwengine, kofia ya buluu, Bahindi wenye ndevu muzuri. Moja alipiga bunduki juu. Rex na Diane, zenye haziogopi hata pasta, ziliogopa ile sauti, zikapotea mu majani. Basoda walinitazama. Mukubwa yao alinionyesha pori na mukono, kama anauliza kama kuko bengine. Nilinyosha vidole tatu. Bote balilala chini mara moja na bunduki mbele, wanangoja, mu matope, na shati zao safi. Tulingoja. Kisha Bijou alitoka mu majani, akasimama mbele ya jeshi ya mataifa yote, akabweka. Balicheka mpaka moja alikaa ku banki ya bazungu akishika mbavu. Balinishusha kama embe, balinipa biskuti ngumu sawa tofali. Njo namna niliishika Likasi. Ukiielezea kule, uondoe Bijou.

Sasa banasema Katanga ya peke yake imekwisha. Sirene ya usine inalia tena. Bwana Adolphe hajarudi. Rex na Diane, bantu waliziona upande ya Kamatanda, zinakula takataka. Mikono mitupu hakuna mwenye atazikamata. Bijou iko kwetu, analala mu kikapu ya mama Angèle na anabweka baba kila asubuhi mu nyumba ya baba mwenyewe. Baba anamusalimia na ufagio.

Barua hii nitamupa Jean, dereva ya lori, juu posta bado haijaamuka. Unisalimie sana shemeji Suzanne, umuambie ule kitambaa alituma, mama mukubwa anaifunga siku ya kanisa. Umusalimie mutoto Théodore, umuambie iko na baba mudogo mwenye alishika muji. Umusalimie na Adolphe wa Mulungwishi (si muzungu, yetu) kama mungali munafanya kazi shimo moja. Mungu akufunike kule chini ya udongo kwenye unafanya kazi, udongo isikuangukie, na akurudishe kwetu na miguu yako yote mbili.

Nilitaka kutia jina yangu hapa. Mukono inakataa.

Yaya, Batasema alikufa.

Pale juu ya mukuyu, mbele basoda hawajafika, tawi ilianza kulia. Nilisikia inapasuka kidogo kidogo chini ya tumbo yangu, na Rex pia alisikia, alinyamaza, alikaa, alingoja. Niliogopa. Nilitia vidole mbili mu kinywa na nikapiga muluzi yako. Ile yako: moja murefu, mbili mufupi. Ile ulinifundisha siku ya kwenda kwako, na ulinikataza kuipiga kwa muchezo, juu Batasema hakujua muntu mwengine mwenye anaipiga.

Unajua shamba ya mama yako iko wapi, kule chini, mushitu inapoishia. Alikuwa pale tangu alfajiri, mbele baba hajakataza kutoka, anachuma sombe, alimufunga Batasema ku muhogo asikimbie akisikia bunduki. Alisikia muluzi. Tangu barabara ya Rodezia ilifungwa anatazama ile njia kila siku, hasemi, lakini anatazama. Alifungua kamba yeye mwenyewe. Aliniambia kisha: alimuambia imbwa, enda, bwana wako amefika.

Nilisikia kengele yake ya muti, ile ya shingoni, kwanza, inakuja mbio mu majani. Hakusimama kutazama ni wangapi. Aliingia katikati ya zile mbili kubwa na kichwa juu, anatafuta, anakutafuta weye, si miye. Nilipiga kelele arudi. Hakunijua sauti. Hakulia, unajua imbwa ya kwetu hazibweki. Ni kengele tu ilisema, ilisema, kisha ikanyamaza. Na ile tawi, Yaya, haikukatika. Mpaka leo iko pale.

Kisha bunduki ya basoda, kisha vidole vyangu tatu, kisha kicheko yao. Na wakati wanacheka, mama mukubwa alitoka mu miti. Alikimbia njia yote, kitambaa kilianguka, mikono imejaa udongo. Alimuona Batasema chini na hakusimama kwake. Alinipita miye. Alitazama nyuma yangu, alitazama nyuma ya basoda moja moja, mpaka wa mwisho.

Hakunitukana, hata leo hajanitukana. Ananipa bukari nikifika. Hacheki tu. Pale mu njia aliniuliza kitu moja:

“Ule mwenye alipiga muluzi, iko wapi?”

Nilimuambia, ni miye, mama.

Ni miye,
mudogo yako mwenye anakupenda,
Dominique